Mtani Wangu Mpiga Picha

Sitaandika alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Najua watu wengi huanzia hapo wanapomweleza mtu, lakini kwa huyu swali hilo limekwisha kufanya madhara ya kutosha, na aliyelijibu vibaya ni mimi. Mtaani kwetu Magomeni, hapa Mtwara mjini, tulimwita Mpiga Picha. Kwa zaidi ya miaka thelathini alipiga picha za kubandikwa kwenye vyeti, leseni na fomu za watu wengine. Yeye mwenyewe hana kitambulisho cha taifa hadi leo ninapoandika, na hana kwa sababu yangu.

Nisingeshika kalamu kama si mjukuu wangu. Yuko chuoni, anasomea habari na upigaji picha, na likizo hii alikuja na kazi aliyopewa na mwalimu wake: picha kumi zinazoonyesha utaifa wetu. Siku tatu alizunguka mjini na kamera ya kuazima, akarudi amenuna. Akanifuata barazani.

"Babu, nipe wazo."

"Piga bendera pale ofisi ya kata."

"Darasa zima linapiga bendera. Mwalimu kasema amechoka nazo."

"Piga korosho, basi."

"Korosho ni zao, babu. Hata India wanazo."

"Mwenge."

"Mwenge hauko Mtwara sasa hivi. Niupige kwenye ndoto?"

"Basi tupige sisi wazee, tulioupigania uhuru."

Akanitazama. "Uhuru ulikukuta darasa la ngapi?"

"La tatu."

"Sasa ulipigania nini, babu? Madaftari?"

Nikacheka, naye akacheka, akaingia ndani kutafuta kanga za zamani kwenye sanduku la marehemu bibi yake. Alitoka na bahasha badala ya kanga. Ndani yake mlikuwa na picha ya mke wangu, amekaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, uso umegeukia dirishani. Mjukuu aliishika muda mrefu.

"Nani kapiga hii?"

"Mpiga Picha mmoja, alikuwa na chumba chake hapo barabarani."

"Huyu mtu anaujua mwanga. Kafa?"

"Yuko hai."

"Yuko wapi?"

"Mbele ya Madimba, vijiji vya karibu na mdomo wa Ruvuma."

"Twende."

Nikasema miguu inaniuma. "Babu," akasema, "jana umekwenda Rahaleo kwa miguu kufuata bao." Nikakubali. Ila kabla ya kueleza tulivyomkuta, niseme kwanza alikuwa mtu wa namna gani, maana nikianza na siku ile mtamwona mkali, na hakuwa mkali.

Chumba chake kilikuwa na vitambaa viwili ukutani. Kimoja cha buluu, kwa picha za pasipoti. Cha pili kilichorwa mlima wenye theluji na ndege kubwa ikipita juu yake, kwa maharusi na wanafunzi waliofaulu. Koti lilikuwa moja, jeusi, la mtu mnene. Ukiwa mwembamba alikubana kwa nyuma na vibanio vya kuanikia nguo, na picha ikitoka ungedhani umeshonewa. Mashehe, wauza pweza, makarani, wote walivaa koti hilo. Nina hakika nusu ya mafaili ya mkoa huu yana watu waliovaa nguo ya Mpiga Picha.

Hakukubali mtu akae kama jiwe wala acheke ovyo. "Nitazame," alikuwa akisema, "kama umesikia hodi na hujui ni nani." Jaribuni kwenye kioo. Uso unaamka, lakini haujisifu. Akiona mtu ana haraka alimwambia, "Uso hauna haraka, mwenye haraka ni wewe," kisha anakwenda kunywa maji makusudi. Na alikuwa mtu wa kuchelewesha kazi kupita kiasi. Kuna maharusi wa mtaa wetu walipelekewa picha za ndoa wakati mtoto wao wa kwanza ameanza kusimama dede. Walipolalamika akawaambia washukuru, sasa wana mtu wa tatu wa kuzitazama.

Alikuwa na heshima ya pekee kwa akina mama wazee wa Kimakonde wenye nembo, zile chale zilizochorwa usoni zamani. Wengi wao walikuja wakiwa wamejifunika ushungi mpaka puani, kwa sababu wajukuu waliwaonea haya. Yeye aliwaketisha karibu na dirisha, akawageuza taratibu mpaka mwanga uingie kwenye kila mstari. Mmoja wao aliwahi kurudishwa na karani wa ofisi fulani, kwamba picha yake ina madoa, akapige nyingine. Mpiga Picha alifunga chumba, akamshika yule bibi mkono, wakaenda wote. Nilifuatana nao, kwa kuwa nilipenda kuona ugomvi.

"Madoa yako wapi?" akamwuliza karani.

"Haya hapa usoni."

"Simama umtazame mwenyewe. Umeyaona? Sasa mwamkie."

Kijana wa watu akasimama, akasema shikamoo. Bibi akaitikia marahaba, na fomu ikapokelewa. Njiani Mpiga Picha hakujisifu hata kidogo. Alisema tu, "Anataka kujua huyu ni nani, na ameandikiwa usoni mchana kweupe."

Serikali aliisema asubuhi mpaka jioni. Maji yakikatika aliisema, barabara ikiharibika aliisema, malipo ya korosho yakichelewa ndiyo kabisa. Lakini wimbo wa taifa ukipigwa redioni alisimama wima, mikono chini, hata kama mteja yuko kwenye kiti. Siku moja mteja nilikuwa mimi, nimebanwa vibanio mgongoni, redio ya jirani ikaanza. Akasimama. Mimi nikaendelea kuongea. Wimbo ulipokwisha akaniambia, "Myao, hata sisi Wamakonde mnaotuita wala panya tunasimama. Wewe unakula nini kinachokukalisha?"

Alikuwa hivyo katika mambo mengi. Ijumaa hakukosa msikitini, tena mapema, na msimu wa mabibo ya korosho hakukosa uraka, pombe yake. Ukimwuliza alisema ni matunda tu yamekaa muda mrefu. Hakukubali kabisa kupiga picha ya maiti, hata ndugu wambembeleze. Alisema maiti hawezi kukataa. Lakini msibani hakuna aliyemshinda kwa kumwigiza marehemu, sauti yake, mwendo wake, alivyokuwa akikohoa. Hilo lilikuwa haki yake panapokuwa na watani wake, nasi tulikuwa watani wake.

Mimi ni Myao na yeye ni Mmakonde. Wa kusini hawahitaji kuelezwa. Kwa wengine niseme tu kwamba mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukuchukulia kitoweo mezani, kukuvua kiatu mbele za watu, na kukwambia ukweli ambao ndugu zako wanaumeza. Sharti ni moja: mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia umevunja kitu ambacho hukukijenga wewe.

Tulitaniana kila siku ya Mungu. Nikipita mlangoni kwake anaita, "Myao, leo umekuja na miguu au umekuja na maneno?" Namjibu, "Nimekuja kukusindikiza Msumbiji, mtumbwi uko tayari." Kwa miaka yote hiyo nilimwita mtu wa ng'ambo, na mtaa mzima ulijua ni utani. Mama yake alizikwa kijiji cha upande wetu wa mto Ruvuma, alikozaliwa. Najua, kwa sababu nilishika jeneza lake, nikaingia kaburini kumpokea. Nilimjua mama huyo, nilimjua na kaka yake. Nilichokuja kusema baadaye hakikutokana na kutojua.

Sasa nifike kwa mke wangu.

Aliugua tumbo kwa muda. Aliniambia zaidi ya mara moja kwamba nimpeleke hospitali ya mkoa, nami nikawa nasema kesho. Si kwamba nilikosa nauli wala nafasi. Nilikuwa kwenye bao. Kuna siku alikuja mpaka kwenye uwanja wa bao, akasimama pembeni ameshika kiuno, akasema, "Baba fulani, leo siwezi." Nikamwambia, "Subiri nimalize hii." Mpiga Picha alikuwepo, akinyolewa ndevu kwa kinyozi wa jirani. Akaniambia, "Inuka, Myao." Nikamjibu kwa utani. Nilimpeleka hospitali siku tatu baadaye, na hakurudi.

Siku ya mazishi, watu wamejaa uani, Mpiga Picha akatokea amejifunga kanga ya marehemu. Akatembea mwendo wa marehemu, wa kukokota mguu wa kushoto. Wanawake wakaanza kucheka huku wakilia, kama ilivyo desturi. Akasimama mbele ya mkeka wangu, akashika kiuno, akasema kwa sauti ya mke wangu kabisa, "Baba fulani, leo siwezi." Kisha akakaa chini haraka, akawa mimi. Akainamia bao lisilokuwepo, akatupa kete, akasema, "Subiri nimalize hii."

Watu walicheka. Kicheko cha msibani huwezi kukilaumu. Lakini mimi nilijua, na shemeji zangu walijua, kwamba hakuongeza neno. Desturi ilinitaka nicheke, au nimrushie kiatu, au niseme "mla panya wewe, utanilipa." Nikainama. Watu walidhani ni uchungu wa mke. Ilikuwa hasira, na niliondoka nayo pale kwenye mkeka nikailea mwaka mzima kama mtu anayefuga mbuzi.

Baada ya mwaka ndipo zoezi la vitambulisho lilipofika mtaani. Mimi nilikuwa mjumbe wa serikali ya mtaa, tena ndimi pekee kati ya wajumbe wazee niliyemaliza kidato cha nne, kwa hiyo barua nyingi za mtaa niliziandika mimi. Tukakaa wazee wanne kwenye benchi, ofisi ya mtaa, na afisa kijana aliyetoka mkoa wa mbali, hajui sura hata moja. Anasoma jina, anainua fomu tuione picha, anauliza kama tunamfahamu na kama ni wa hapa. Watu zaidi ya mia walipita kwa "ndiyo." Ikafika fomu ya Mpiga Picha.

"Huyu si wa hapa," nikasema. "Ni wa ng'ambo. Alivuka Ruvuma akiwa mtu mzima."

Wenzangu wakacheka. Walikuwa wamenisikia nikisema hivyo miaka yote.

Afisa hakucheka. Alikuwa kijana mwangalifu, sina lawama naye. Akaniuliza, "Mzee, unatania au unasema kweli?"

Nimeirudia dakika hiyo mara nyingi. Neno "natania" lilikuwa hapo hapo mdomoni, na aliniwekea njia mwenyewe. Nikasema, "Kweli tupu."

"Na wazazi wake?"

"Huko huko Msumbiji."

Kicheko kikakatika. Mzee aliyekaa kulia kwangu akanigeukia, akafungua mdomo, akaufunga. Labda alidhani nina siri asiyoijua. Labda aliogopa kunipinga mbele ya serikali. Afisa akaandika, akaiweka fomu kando, peke yake, akasoma jina lililofuata.

Nilitegemea nini? Nilitegemea asumbuke kidogo. Aende akarudi mara mbili tatu, atoe jasho, nami nimcheke. Sikuwaza zaidi ya hapo, na huo ndio upumbavu wa mtu aliyesoma kidogo akapewa muhuri. Alipokwenda kuulizia aliambiwa kuna pingamizi, alete vyeti vya kuzaliwa vya wazazi. Nani wa umri wetu, katika vijiji vile, ana cheti cha kuzaliwa cha mama yake? Miaka ikapita. Ilipoamriwa laini za simu zisajiliwe kwa kitambulisho na alama za vidole, laini yake ikafungwa, na wateja wa harusi wakakosa pa kumpigia. Leseni ya biashara ikakwama kwa sababu hiyo hiyo. Akafunga chumba. Sasa hapo wanauza makava ya simu. Siku anabeba vitambaa vyake viwili kwenye mkokoteni nilikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye bao, mikono imejaa kete. Sikuinuka kumsaidia kubeba hata koti.

Mwaka jana jirani mmoja akanieleza habari za binti wa Mpiga Picha. Alisomea ualimu, akafaulu vizuri, na shule ikamtaka. Fomu ya ajira ikadai namba ya kitambulisho, naye hana, kwa sababu maombi yake yamefungwa pamoja na faili la baba. Wamemwambia alete mtu mzima anayeweza kuthibitisha ukoo wao. Nafasi wamemshikia, lakini haitamngoja milele. Niliisikia habari hiyo nikasema "masikini," kama vile ni mvua iliyonyesha kwa watu wengine. Nikakaa nayo tena miezi.

Kwa hiyo mjukuu aliposema twende, alikuwa anafungua jambo asilolijua.

Tulipanda gari asubuhi, tukapita Madimba na mtambo wake wa gesi, tukateremka kwenye njia panda na kumalizia kwa pikipiki mbili. Tulimkuta nje ya nyumba yake anamenya muhogo wa kuanika makopa. Amekonda, lakini mikono ni ile ile. Mjukuu akainama. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu." Akamtazama usoni, akatabasamu. "Umechukua paji la bibi yako." Kisha akanigeukia mimi. "Karibu, mzee."

Hakuwa amewahi kuniita mzee. Tuko rika moja. Nikaona nimchokoze ili tuanze palipozoeleka. "Mla panya! Bado hujahama tu ukarudi kwenu?"

Mjukuu akacheka, akamgeukia, akingoja jibu, maana njiani nilimsifia jinsi alivyo na mdomo. Mpiga Picha akamenya muhogo mmoja mpaka mwisho, akauweka kwenye ungo.

"Tupo, mzee," akasema. "Mjini hawajambo?"

Nikajibu hawajambo. Tukaletewa ming'oko ya kuchemsha, mizizi ya porini kama viazi, tukala. Mjukuu akamweleza kazi yake ya chuo, akamwonyesha picha kwenye kamera. Hapo Mpiga Picha akachangamka. Akafuta mikono, akashika kamera kwa kamba kwanza kama mtu aliyezoea kuazima vya watu.

"Huyu mama wa sokoni umemkata miguu. Ataondokaje hapa? Huyu umempiga jua liko kichwani, macho yamekuwa mashimo. Hii nzuri. Hii ya bendera nani kakutuma?"

"Babu. Nilikataa, kisha nikaipiga."

"Ilikuwa inapepea?"

"Haikuwa na upepo."

"Basi umepiga nguo iliyoanikwa." Wakacheka wote wawili. "Sasa utaifa uko wapi katika hizi?"

"Sijui, babu. Ndiyo maana nimekuja kwako. Kwa kuwa umepiga watu wengi, nikasema wewe utakuwa unajua."

Akarudisha kamera taratibu. "Na huyu hakukwambia kwa nini mimi si wa kuulizwa hilo?"

"Hakuniambia nini?"

Mpiga Picha aliniachia mimi. Akashika kisu chake na muhogo mwingine. Mjukuu akanitazama, nikaona sina pa kupita. Nikasema yote. Nilianzia kwenye fomu, lakini fomu haikueleweka bila msiba, na msiba haukueleweka bila bao. Nilipofika hapo mjukuu akanikatiza.

"Bibi alikuja mpaka uwanjani? Amesimama?"

"Alikuja."

"Akasema hawezi?"

"Ndiyo."

"Na ukamalizia bao."

"Nilimalizia."

"Ulishinda?"

Lilikuwa swali la kitoto, na sijawahi kuulizwa gumu kuliko hilo. Nilishinda. Nikamwambia. Akageuza uso upande wa mikorosho.

Mpiga Picha akaweka kisu chini. "Nilijua siku ile ile. Mmoja wa wale wa kwenye benchi alinifuata jioni, akalia."

"Mbona hukunijia?" nikamwuliza.

"Nikujie nikwambie nini? Ungenitukana pale msibani, ungenipiga hata makofi, baada ya arobaini tungecheka. Mimi na wewe tuna namna yetu. Wewe ulikwenda kumwambia mgeni." Alisema bila kupandisha sauti. "Nilikuigiza uinuke, ndugu yangu. Mtu asipoambiwa anaoza. Nilidhani ninakusaidia."

Nikasema nimekuja kusahihisha. Nikasema nitakwenda ofisini mwenyewe, nitaapa, nitawaonyesha kaburi la mama yake na wajomba zake walio hai. Nikasema naomba radhi. Maneno yalitoka mengi, Myao hasa.

"Radhi ziache," akasema. "Sina pa kuziweka. Lakini binti yangu anataka kufundisha. Andika."

Mjukuu akachana ukurasa kwenye daftari lake akanipa na kalamu. Niliandika juu ya kigoda, nikiwa nimepiga magoti kwenye mchanga. Jina langu, mtaa wangu, kwamba nilikuwa mjumbe, kwamba ninamfahamu tangu ujana, kwamba mama yake alizaliwa na kuzikwa upande huu na nilimzika mimi, kwamba niliyoyasema mbele ya afisa hayakuwa kweli. Nikamsomea kwa sauti. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umeacha neno."

"Lipi?"

"Hapo kwenye 'niliyoyasema hayakuwa kweli.' Wakisoma hivyo watadhani ulisahau, mzee wa watu. Ongeza 'kwa makusudi.'"

Nikaongeza. Herufi zikapanda juu ya mstari. Nikatia sahihi.

"Mjukuu wangu," akasema, "lete kamera yako. Piga hiyo."

"Karatasi, babu?"

"Si umeuliza utaifa uko wapi? Wangu umekaa kwenye karatasi ya namna hiyo, na uliondoka kwa maneno ya huyu. Mkono wake uonekane. Uso acha."

Akaja, akaushika mkono wangu kwa vidole viwili kwenye kifundo, akausogeza kidogo kushoto mpaka kivuli cha kalamu kikaondoka kwenye maandishi. Ndiyo mara pekee aliyonigusa siku hiyo. Mjukuu akapiga moja. Mpiga Picha akamwambia asogee, apige tena, asiogope kukaribia. Akapiga nyingine. Nilimwuliza mjukuu kama hatampiga na Mpiga Picha mwenyewe. Akajibu yeye kabla ya mjukuu: binti yake akipata kitambulisho, mjukuu aje, naye atakaa apigwe.

Karatasi nimekwisha kuipeleka pamoja na kiapo. Wamesema faili linatafutwa, tusubiri. Kila Jumatatu naamkia pale ofisini, na sasa makarani wananijua kwa jina.

Tulipoaga siku ile jua lilikuwa bado kali. Akavaa kandambili zake, akamsindikiza mjukuu wangu mpaka kwenye njia panda, umbali wa robo saa, akimweleza jinsi ya kumgeuza mtu kwenye mwanga bila kumtisha. Walitangulia. Nami nikawafuata kwa nyuma, hatua ishirini hivi, na hakuna aliyegeuka kuniambia nijongee.